Bibi haogopi ziwa, mjukuu ndiyo natetemeka!

Wiki hii naziweka pembeni zile stori zetu za mapenzi na mavazi, maana kuna aibu yangu moja nimeifuga miaka mingi na leo naianika juani. Ukitaka kucheka we cheka, sikukatazi. Ila usisome nusu halafu ukaenda kunitangaza vijiweni.

Mimi ni mtoto wa Rubafu. Kwa msiopajua, Rubafu iko kule Bukoba Vijijini, ukiuacha mji wa Bukoba unaelekea kaskazini, ziwani kabisa. Usiku upepo ukitulia, ukiwa umelala kwa bibi unayasikia maji yanavyopiga ufukweni. Wenzangu wote walijua kuogelea kabla hawajajua kusoma. Mimi hadi namaliza fomu foo, maji ya Ziwa Victoria yalikuwa hayajanivuka magoti. Mtumbwi wa mjomba wangu sijawahi kuupanda, hata ukiwa umevutwa nchi kavu umelazwa mchangani.

Na siyo kwamba naogopa kama wewe unavyoogopa mbwa wa jirani. Yangu ilikuwa ugonjwa. Nikiona tu gati, kifua kinabana, mikono inalowa jasho, magoti yanakuwa uji, na masikio yanaanza kuvuma kama redio isiyokamata stesheni. Akili inajua kabisa kwamba nimesimama kwenye zege na wala sina tiketi, lakini mwili hausikii.

Nikahamia Mwanza kutafuta maisha, mji ambao umezungukwa na nini? Na maji! Desemba 2022 nilikuwa na kimwana mmoja, jina namhifadhi, mtoto bomba ile mbaya. Akaniambia, "Jumapili twende Saanane tukapige picha." Saanane ni kisiwa, ni hifadhi ya taifa, na kutoka mjini ni dakika chache tu kwa boti. Nikamwambia tumbo linauma. Jumapili iliyofuata tumbo tena. Ya tatu nikasema nimefiwa. Akaniuliza nimefiwa na nani, nikababaika. Basi bwana, akaenda Saanane na mshikaji mwingine, na picha akanitumia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu inaweza kukunyang'anya mpenzi hivi hivi.

Hata safari ya kwetu ilikuwa kasheshe. Sote Wahaya tunajua Krismasi lazima uonekane nyumbani. Miaka ile, kabla ya lile daraja la Magufuli la kilometa 3 lililofunguliwa Juni 2025, mabasi ya Mwanza kwenda Bukoba yalikuwa yakifika Kigongo yanapanda kivuko, yanavushwa hadi Busisi, ndiyo yanaendelea Geita. Kivuko ni kama nusu saa hivi. Mimi kwa kukwepa hiyo nusu saa nilikuwa nazunguka Shinyanga, Kahama, Runzewe, ndipo nakuja kutokea Biharamulo. Nabadilisha magari, nalala njiani, nauli mara mbili. Mama akiuliza mbona nimechelewa, nasema basi liliharibika. Uongo mtupu!

SASA utaniuliza, hofu hiyo ilitoka wapi?

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ikitokea Bukoba na Kemondo ilipinduka na kuzama karibu kabisa na Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, lakini ilijaza kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hata orodha yao haikuwepo. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, kati ya watu 800 na 1,000. Kule kwetu Kagera siyo rahisi kupata ukoo ambao haukuguswa. Wetu uliguswa. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa humo, anakwenda Mwanza kuchukua mtumba. Mwili wake haukutambuliwa. Wale wa namna hiyo walizikwa Mwanza, makaburi ya Igoma, na kila ifikapo Mei 21 watu huenda pale kuwakumbuka.

Lakini subiri. Mimi mwaka 1996 sikuwa hata mimba! Sijaona meli ikizama, sijawahi kuanguka majini, sijanywa funda moja la maji ya ziwa kwa bahati mbaya. Mtu anaogopaje kitu ambacho hakikumpata?

Jibu nilikuja kulipata baadaye kabisa. Kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Stanley Rachman, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1977 alieleza kwamba hofu huingia kwa mtu kwa njia tatu. Ama jambo lenyewe limempata, ama amemwona mwenzake akiogopa, ama amesimuliwa. Mimi nilipata dozi mbili za mwisho. Mama yangu kila nikikaribia maji alikuwa anapiga ukelele, "Rudi! Unataka ziwa likumeze kama baba yako mkubwa?" Sikiliza hiyo kila siku tangu una miaka mitatu, uone kama utakuja kuwa mvuvi.

Halafu ikaja Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka kule Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kisha Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikaangukia ziwani hatua chache tu kutoka uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwemo, 19 wakapoteza maisha. Ile picha ya mkia wa ndege umechomoza majini, kila simu ilikuwa nayo. Wenzangu waliisikitikia wakaendelea na maisha. Mimi wiki mbili nilikuwa nalala taa inawaka.

KRISMASI ile ya 2022, nimefika Rubafu nimepauka vumbi la Kahama, bibi akaniita nyuma ya nyumba, penye makaburi. Sisi kwetu marehemu halazwi mbali, analala kwenye kibanja, katikati ya migomba. Babu yupo pale, shangazi yupo, na wengine niliowakuta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba waitu. Kaa." Akanipa kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu ya kukaushwa, akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Nimewazika wote hapa. Yeye peke yake ndiye analala ugenini, na sijapaona. Mwezi wa tano nipeleke."

Nikasema sawa bibi, nitakata tiketi za basi. Akanitazama kama niliyetukana.

"Basi? Lipite lile pori la Biharamulo? Mimi siwezi. Tunakwenda na meli."

Msomaji wangu, nilitamani ardhi ipasuke. Bibi ambaye ziwa lilimchukulia mwanawe haliogopi ziwa. Anaogopa majambazi wa pori la Biharamulo, wale wa enzi zile mabasi yanasindikizwa na polisi wenye bunduki! Na mimi ambaye ziwa halijanichukulia hata ndala, ndiye natetemeka. Ningemwambia nini? Bibi wa miaka themanini na kitu, ombi lake moja, na mjukuu aliyeko Mwanza ni mimi. Nikaitikia. Usiku sikulala.

Kurudi Mwanza nikaanza kuhangaika. Kwanza, nasema ukweli, nilikwenda kwa mganga. Kuna kibao kilipigiliwa kwenye nguzo ya umeme kinasema anatibu mapenzi, mitihani, deni lisilolipika na hofu. Akanipa unga mweusi nioge alfajiri siku saba nikitazama ziwa. Nilioga nikitazama ukuta, maana ningeweza kutazama ziwa ningekwenda kwake kufanya nini? Hela ikaenda, hofu ikabaki.

Jamaa mmoja ninayepanga naye ndiye aliyeniambia kuna dada, mwanasaikolojia, ana ofisi ndogo juu ya duka la dawa, anatibu hofu kwa hipnosi. Nikamuuliza, hipnosi ndiyo nini? Akasema, "Anakulaza usingizi, anakwambia usiogope, unaamka huogopi." Nikashtuka. Sisi wa mjini tunayajua mambo ya kupumbazwa. Si wale matapeli wanaokupa mkono sokoni, ukija kuzinduka umeshawakabidhi simu na mshahara kwa hiari yako? Siku ya kwanza nilikwenda sina hela mfukoni na simu nimeiacha nyumbani. Mjanja mimi!

Yule dada alipojua alicheka mpaka akatoa machozi. "Mdogo wangu," akasema, "usingizi haupo hapa, na mtu hawezi kukufanyisha jambo usilolitaka."

Akanieleza. Jina lenyewe hipnosi lilitungwa enzi za daktari mmoja wa Scotland, James Braid, aliyekuwa akifanya kazi Manchester. Mwaka 1841 alikwenda kwenye onyesho la mtu anayelaza watu jukwaani, akienda kumuumbua kuwa ni tapeli. Akakuta kuna kitu cha kweli ndani yake, akakichunguza, na mwaka 1843 akaandika kitabu. Jina alilitoa kwenye Kigiriki, maana yake usingizi. Baadaye mwenyewe akagundua kwamba siyo usingizi, akataka kulibadilisha, lakini lilikuwa limeshashika. Ni kama jina la utani la shuleni, ukishapewa basi.

Siyo usingizi, ni nini? Ni ile hali ya akili kuzama kwenye jambo moja mpaka mengine yanakaa kando. Hujawahi kupanda daladala ukiwaza mambo yako ukapitiliza kituo? Ulikuwa macho, ulisikia konda anaita, ila hukuwepo. Ndiyo hiyo hiyo, tofauti ni kwamba hapa inafanywa kwa makusudi na kwa kazi maalumu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, akiwemo David Spiegel, walipima ubongo wa watu wakiwa katika hali hiyo, na wakaona utendaji wa baadhi ya sehemu za ubongo unabadilika. Vyama vya madaktari vya Uingereza na Marekani vyenyewe vilishaikubali kama chombo cha tiba tangu mwaka 1955 na 1958. Kwa hiyo siyo mazingaombwe. Ila watu hatulingani, kuna wanaozama haraka na kuna ambao hata ufanyeje hawazami.

Mimi bado nikawa mbishi. Nikamwambia, dada, hofu yangu iko kwenye miguu na kifua, siyo kichwani. Akaniuliza, "Wewe si wa Kagera? Kashasha unaijua?"

Hapo alinigusa. Kashasha iko Muleba, na stori yake wazee wanaijua. Januari 30, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na kushindwa kuacha. Kucheka, kulia, kukimbia ovyo. Ikasambaa hadi ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi 18. Wasichana wakarudi makwao, na ugonjwa ukaenda nao. Nshamba peke yake walipatikana watu 217. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, walipima chakula, hawakuona mdudu wala sumu. Baadhi ya wagonjwa walisema wanahisi kama kuna mtu anawakimbiza. Shule ilifunguliwa tena Mei 21, ndiyo, tarehe ile ile ambayo miaka 34 mbele ingekuja kuwa msiba wetu, na ikabidi ifungwe tena mwezi Juni.

"Wale hawakuwa wanaigiza," dada akasema. "Miili yao ilifanya kweli kile ambacho akili zao zilibeba. Hofu inaambukiza bila mdudu. Na kama inaingia bila mdudu, inatoka bila sindano."

Kabla hatujaanza aliniuliza maswali mengi. Je, nasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Nimewahi kuugua akili? Nina kifafa? Nakunywa kiasi gani? Akasema mtu mwenye matatizo ya namna hiyo anapelekwa kwanza hospitali kwa daktari wa akili, halazwi kwenye kiti chake. Na akaniambia wazi kwamba hatafukua kumbukumbu zozote za utotoni, maana akili ikiwa imetulia hivyo inaweza kujitungia mambo na ukayaamini kuwa yalitokea. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Yule mganga hakuniuliza hata jina.

KAZI ilianza na daftari. Akaniambia nichore ngazi yenye vipandio kumi, chini kabisa niweke kitu cha ziwa kinachonitisha kidogo, na juu kabisa kile kinachonimaliza. Kipandio cha pili nikaweka picha ya meli kwenye kalenda. Cha nne kusimama gatini. Cha tano kukaa ndani ya mtumbwi uliofungwa. Cha saba kivuko cha Kamanga, cha nane kivuko cha Busisi nikiwa ndani ya basi. Cha kumi, usiku mzima melini na bibi.

Halafu nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa naitafuta ile saa ya mnyororo inayoyumba kama kwenye sinema, wapi! Akaniambia nitazame alama ndogo ukutani, nivute pumzi kwa hesabu ya nne, niitoe kwa hesabu ya sita. Kope zikawa nzito. Akahesabu kutoka kumi kushuka moja, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi. Akaniambia nichague mahali ambapo sijawahi kuogopa. Nikachagua jikoni kwa bibi, mvua inapiga bati, ndizi zinachemka. Nakuapia harufu niliisikia. Na papo hapo nilimsikia muuza karanga akipita nje akigonga kikopo chake. Ningeweza kusimama na kuondoka, ila sikuona haja.

Hapo ndipo akaanza kunipandisha. Ananielezea ile picha ya kalenda. Kifua kikianza kubana nainua kidole, naye ananirudisha jikoni. Nikitulia, tunakwenda tena. Kalenda, jiko, kalenda, jiko, mpaka kalenda ikawa kalenda. Njia hii ilijengwa na daktari wa Johannesburg, Joseph Wolpe. Wakati wa vita kuu ya pili alitibu wanajeshi waliovurugwa na vita, akaona dawa walizopewa haziwaponyi. Kitabu chake kikatoka mwaka 1958. Yeye alisema mwili hauwezi kutulia na kuogopa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mfundishe mtu kutulia kwanza, halafu mletee anachokiogopa kijiko kwa kijiko. Na wagonjwa wake wengi aliwatuliza kwa hiyo hiyo hipnosi.

Nilitegemea nikifumbua macho nitakuwa mtu mpya. Nilifumbua macho nikiwa na njaa.

Mara ya pili ilikuwa kimeo kabisa. Tulipofika gatini, kwa mawazo tu, jamani, nililia kama mtoto. Nililia kwa ajili ya baba mkubwa ambaye sikumjua. Dada hakunikatiza, alinipa tishu akasubiri. Siku ile hatukupanda kipandio hata kimoja, na hela nililipa vilevile. Mara ya tatu ndiyo gati likalainika.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa mabango hawatakwambia. Yule dada alinieleza bila kunificha kwamba tiba ya fobia iliyothibitishwa zaidi na utafiti ni kule kukiendea kitu chenyewe, kwa miguu yako, kidogo kidogo. Hipnosi inakusaidia kufika mlangoni ukiwa umetulia, kuingia utaingia mwenyewe. Ukiogopa ukakimbia, unapata nafuu palepale, na hiyo nafuu ndiyo inayoilisha hofu, kesho inarudi imenenepa. Ukibaki, inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka yenyewe. Miaka yote nilikuwa sijawahi kuiona ikishuka, kwa sababu nilikuwa sijawahi kubaki.

Basi nikapewa kazi za nyumbani. Jumamosi ya kwanza nilikaa karibu na gati la Kamanga saa mbili, nakunywa soda, natazama kivuko kinavyopakia. Jasho lilinitoka mpaka dada muuza soda akaniuliza kama nina malaria. Jumamosi ya pili nilisogea mpaka kwenye chuma. Ya tatu nilipanda. Kivuko kilipong'oa nanga nilishika bomba la pembeni kama nimegandishwa na gundi, moyo unadunda, natoa pumzi kwa hesabu ya sita, na akilini niko jikoni kwa bibi. Katikati ya maji hivi, msomaji wangu, ikashuka. Haikuisha. Ilishuka tu, kama homa. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya akaniambia, "Kijana, niachie nafasi na mimi nishike." Nikaachia bomba. Nilitamani kumpigia simu yule kimwana wa Saanane, nikakumbuka ameshaolewa.

Mei 2023 nilikwenda Bukoba kwa basi, nikavuka Busisi nikiwa kwenye siti yangu, dirisha wazi. Nilifumba macho, siwafichi. Lakini sikuzunguka Kahama.

Bibi nilimkuta amejiandaa kama anakwenda harusini. Gomesi jipya, kitambaa kichwani, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna. Gatini Bukoba usiku, meli ya Victoria imewasha taa zote, mimi nikasimama. Miguu ikagoma. Ngazi yangu ilikuwa tisa, labda na nusu. Nikaanza kuhesabu maboya ya kujiokolea, tabia ambayo ninayo mpaka leo na dada alinikataza kuiacha. Alisema kukataa mtumbwi uliojaza siyo fobia, hiyo ni akili.

Bibi akanishika mkono. "Unaogopa, eh?"

Nikasema ndiyo, bibi.

"Nilijua tangu ukiwa mdogo. Mama yako alikutia ile. Haya, nishike, maana mimi sioni ngazi vizuri."

Ikabidi nimshike. Na ukimshika bibi wa miaka themanini kwenye daraja la meli huna nafasi ya kuangalia maji, unaangalia miguu yake. Tulipoingia nilikaa karibu naye, nikavuta, nikatoa. Tulipotoka Kemondo hofu ilikuwa nane. Saa nane za usiku ikawa tano, bibi amelala fofofo anakoroma, mimi nimekaa macho kama mlinzi. Kulipokucha mawe ya Mwanza yakaanza kuonekana. Bibi akaamka akauliza ni wapi ilipozama. Nikamwonyesha kwa mkono, upande ule tu, kwa kukisia, maana kwenye maji hakuna alama. Alisimama akatazama muda mrefu. Mimi nilisimama naye, pale pale kwenye ukingo.

Igoma hatukukaa sana. Bibi aliiweka kahawa chini, akaongea na mwanawe Kihaya, maneno ambayo siyaandiki hapa. Akachota udongo kiganja kimoja, akaufunga kwenye leso, akasema huu unakwenda kibanjani.

Tukiwa tunarudi mjini kwenye bajaji nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi yake, "Basi bibi, kesho nakupakia kwenye basi la asubuhi, jioni uko Bukoba."

"Basi gani?" akasema. "Lile la porini? Panda wewe. Mimi na mwanangu tunarudi na meli."

Nikamwambia dereva ageuze, tukaenda bandarini. Nikakata tiketi mbili. Ngazi ilikuwa sita.